Mathias Mnyampala: mshairi wa Injili aliyejua wakati wa kuhama

Ngonjera inajulikana na kila mtu huku kwetu Madale, hata na wale wasiomjua aliyeipa umaarufu. Ni mahafali ya darasa la saba, mgeni rasmi ameshakaa, turubai limefungwa vizuri, na watoto wanajipanga safu mbili. Mmoja anauliza kwa mistari ya kupimwa, mwenzake anamjibu, wazazi wanapiga vigelegele. Nyuma ya dakika hizo kumi yuko mtu wa Dodoma, Mkatoliki, ambaye kabla ya ngonjera alikuwa ameshaigeuza Injili kuwa utenzi. Jina lake ni Mathias Mnyampala.

Tumemchagua kwa sababu ya swali ambalo vijana wa kwaya na waandishi wa vitabu vya dini hutuuliza mara kwa mara. Mtu ameanza kuandika habari za imani, watu wamemzoea hivyo, sasa moyo unamvuta kwenye kazi nyingine. Je, akihama atakuwa ameukimbia wito? Mnyampala alihama zaidi ya mara moja, na maisha yake ni jibu lenye nyama kuliko jibu letu la studioni.

Alizaliwa mwaka 1917 Ihumwa, karibu na mji wa Dodoma. Ulikuwa mwaka mbaya wa kuzaliwa Ugogo. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imechukua wanaume kuwa wapagazi na ng'ombe kuwa chakula cha askari, kisha mvua ikakataa. Njaa iliyofuata Wagogo waliipa jina, Mtunya, na iliua watu kwa maelfu. Aliyevuka miaka hiyo akiwa mtoto mchanga alikuwa ameshapona kitu kikubwa kabla hajajua kusema.

Shule aliipata kwa wamisheni Wakatoliki, na huko akabatizwa. Baadaye akawa mwalimu, kisha karani katika utawala wa serikali za wenyeji, kisha liwali, na mwisho hakimu. Kazi hizo tunazipita haraka, ila jambo moja lishikwe: zote zilimweka mahali ambapo watu huja na maneno yao, wanashindana, na mtu mmoja hutakiwa kusikiliza pande mbili. Tutalikuta jambo hilo tena mbele.

Kitabu chake kilichomtambulisha kilitoka mwaka 1954, Historia, Mila na Desturi za Wagogo. Hapo alikuwa kwenye udongo wake mwenyewe. Alieleza koo zilikotoka, namna watu wa asili mbalimbali walivyokutana kwenye nchi kavu ya katikati wakawa kabila moja, na mila za ndoa, mvua na mifugo. Wanahistoria bado wanakitumia, na mwaka 1995 kilitafsiriwa kwa Kiingereza. Mtu mwingine angekaa hapo hapo. Angekuwa mtaalamu wa Wagogo, akaalikwa kila penye mazungumzo ya Wagogo, na heshima yake ingetosha.

Yeye aligeukia ushairi, na hapa ndipo tunapoona ujasiri wake, kwa kuwa ushairi wa Kiswahili haukuwa nyumbani kwake kwa namna yoyote. Lugha ya mama yake ilikuwa Kigogo. Pwani ilikuwa mbali. Tenzi kubwa zilizokuwa zikisomwa, kama Utendi wa Tambuka wa mwaka 1728 na ule wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, zilitoka Pate na Lamu, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na zilisimulia mambo ya Uislamu kwa watu walioishi ndani yake. Mwaka ule ule wa 1954 Sheikh Amri Abedi, aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi. Sheria hizo zilikuwa kali: mizani ikipungua moja, shairi lina kilema.

Mkristo kutoka bara angeweza kufanya mojawapo ya mambo mawili mepesi. Angeuacha ushairi huo kwa wenyewe, au angeandika mashairi ya kanisani yenye vina vya kubahatisha na kuomba asihukumiwe kwa sababu nia ni njema. Hilo la pili tunalisikia sana leo kwenye nyimbo zinazoletwa kituoni. Mnyampala hakufanya lolote kati ya hayo. Alijifunza mizani na vina mpaka vikamtii, akaingia kwenye malumbano ya washairi, na kukaa meza moja na mabingwa wengi wao wakiwa Waislamu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 diwani yake ilikuwa imetoka, pamoja na hadithi ya mrina asali na wenzake wawili, kitabu chenye harufu ya Ugogo kila ukurasa.

Ndipo akafika kwenye Injili. Utenzi wake wa Enjili Takatifu ulitoka katika miaka hiyo hiyo, na Zaburi nazo akazitungia utenzi. Kwa msomaji asiyeujua mkondo huu tueleze kidogo. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vifupi, kila kimoja kwa kawaida mizani nane. Vitatu vya kwanza hufanana vina, na cha nne hubeba kina kimoja kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Sasa chukua habari za kuzaliwa, miujiza, mateso na ufufuko, ambazo Mkristo haruhusiwi kuzibadilisha hata kidogo, uzipitishe kwenye tundu hilo dogo beti baada ya beti. Neno likikataa kuingia, huwezi kumwongezea Petro sentensi ili kina kitimie.

Ilikuwa pia miaka ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioanza 1962 na kumalizika 1965, uliofungua mlango kwa lugha za watu katika ibada ya Wakatoliki. Kwa hiyo Mnyampala hakuwa peke yake katika kutaka Neno lisikike kwa sauti ya hapa. Ila kwa maoni yetu alithubutu zaidi ya kutafsiri. Alichukua chombo kilicholelewa na Waislamu wa pwani karne nyingi, akakitumia kwa Injili, bila kukidhihaki chombo wala waliokilea. Kazi ya namna hiyo haifanywi na mtu anayeogopa kuchekwa.

Baada ya hapo angeweza kuendelea. Biblia ni kubwa, vitabu vya kutungia tenzi vilikuwa bado vingi. Lakini alikuwa sasa mwenyekiti wa UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, na nchi ilikuwa imebadilika. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Rais Nyerere aliwataka washairi wasaidie kuifikisha siasa ya ujamaa kwa wananchi ambao wengi hawakujua kusoma. Utenzi mrefu usingefaa kwa kazi hiyo. Malumbano ya magazetini nayo yalikuwa ya mabingwa kwa mabingwa.

Akaja na ngonjera. Watu wawili au zaidi wanasimama mbele ya hadhira, mmoja hajui au anabisha, mwingine anaeleza, wanavutana kwa beti, na mwisho wanapatana. Hapo ndipo tunamwona hakimu wa baraza: pande mbili, maneno mbele ya watu, na shauri linafikia mwisho. Tunamwona na mwalimu wa misheni pia, kwa sababu ngonjera imekaa kama katekisimu, swali na jibu, ila imepewa mwili na mikono ya kuigiza.

Hatutaficha kwamba kuhama huku kulikuwa na bei yake. Ngonjera nyingi zilizotungwa baadaye na watu wengine zilikuwa sifa tupu kwa chama na viongozi, na anayebisha hushindwa kabla hajafungua mdomo. Katika miaka ya 1970 washairi vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Euphrase Kezilahabi akiwa mbele na diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974, walizikataa hata sheria zenyewe za vina na mizani. Kuna wasomi wanaoona Mnyampala wa Zaburi alikuwa mshairi mkubwa kuliko Mnyampala wa siasa. Sisi tunakubali kwamba beti za Zaburi zina kina zaidi. Hata hivyo hakuna mtoto wa Madale anayezikariri, na ngonjera anazikariri.

Alifariki mwaka 1969, akiwa na miaka 51. Ngonjera za UKUTA zilichapishwa baada ya yeye kuondoka, kitabu cha kwanza mwaka 1970 na cha pili 1971. Kitabu alichoandika juu ya maisha yake mwenyewe, Maisha ni Kugharimia, kilisubiri mpaka mwaka 2013.

Na ile njia ya Injili kwa utenzi haikuota nyasi. Nyerere, yule yule aliyewaita washairi kwenye siasa, alipostaafu aliingia kwenye kazi aliyokuwa ameiacha Mnyampala. Mwaka 1996 zilitoka tenzi zake za Injili zote nne na Matendo ya Mitume, zikichapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Mmoja alitoka kwenye Injili akaingia kwenye ujamaa. Mwingine alitoka kwenye ujamaa akaingia kwenye Injili, kwa mizani ile ile nane.