Orodha ya Dobi na Jiwe la Munich: Maisha ya Alois Senefelder

Mpenzi msomaji, kabla sijakusimulia habari za mtu wa leo, yafaa kwanza nikuungamie kosa langu, maana kosa hilo ndilo lililonifikisha kwake.

Nilipokuwa kijana niliandika diwani yangu ya kwanza ya mashairi. Nilikopa fedha kwa shemeji yangu, nikazichanganya na akiba ya mke wangu aliyokuwa akiuza vitumbua, nikaenda kiwanda kimoja cha chapa. Mhudumu aliniuliza maswali kwa haraka: blidi umeacha kiasi gani, kurasa zinagawanyika kwa kumi na sita, prufu umeiridhia? Mimi, niliyesoma chuoni na kuhifadhi juzuu kadhaa, niliona haya kukiri kuwa sikuelewa hata neno moja. Nikatikisa kichwa na kutia sahihi. Zilipotoka nakala mia tano, kisu cha kukatia karatasi kilikuwa kimepita juu ya maneno. Nilikuwa nimeshikilia kila mshororo wa mizani kumi na sita ukae mstari mmoja, na mistari ikafika hadi ukingoni. Basi kisu kikachukua vina vyote vya utao katika kurasa nyingi. Ewe mshairi mwenzangu, wajua shairi lisilo vina vya mwisho ni kitu gani. Nakala zile ziliishia kufungia karanga, na deni la shemeji nililipa miaka miwili.

Mzee mmoja mpiga chapa, ambaye sasa ni marehemu, alinihurumia. Alinikalisha kando ya mtambo wake akaniambia kuwa maneno ya kazi ile yana asili yake, na kwamba nikimjua Senefelder nitayajua mengi ya maneno hayo. Nikaanza kumtafuta vitabuni, na nilichokipata ndicho hiki.

Alois Senefelder alizaliwa mjini Prague tarehe 6 Novemba 1771. Baba yake alikuwa mwigizaji wa michezo ya jukwaani, na familia ilihamia Munich, katika nchi ya Bavaria, Ujerumani. Kijana alipenda jukwaa kama baba yake, lakini baba hakutaka mwanawe apate taabu alizozipata yeye, akampeleka Chuo Kikuu cha Ingolstadt kusomea sheria. Mwaka 1791 baba akafariki. Alois ndiye aliyekuwa mkubwa, na nyuma yake palikuwa na mama mjane na wadogo wengi. Masomo ya sheria yakakatika hapo.

Akajaribu kula kwa kalamu. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa umechapwa ukamletea faida, naye akadhani njia imefunguka. Mchezo mwingine ulicheleweshwa kiwandani, haukuwahi soko kuu la vitabu la Leipzig, na fedha zilizopatikana hazikuzidi sana gharama. Hapo ndipo alipojiuliza kwa nini mwandishi asijichapie mwenyewe. Nilipofika hapo katika habari zake, msomaji, nilifunga kitabu nikakumbuka karanga zangu.

Lakini mtambo na herufi za risasi ni mali ya matajiri, na yeye hakuwa na kitu. Akaanza kuandika juu ya mabamba ya shaba kwa mkono, akijifunza kuandika kinyumenyume, kwa sababu kilichoandikwa sawa juu ya bamba hutoka kinyume kwenye karatasi. Alipokosea, alilifunika kosa kwa mchanganyiko alioutengeneza mwenyewe wa nta, sabuni na masizi. Shaba ilikuwa ghali na kuisugua upya kulimchosha. Akachukua jiwe la chokaa, laini na lenye chembe ndogondogo, linalochimbwa sehemu za Solnhofen huko Bavaria. Alilitaka kwanza kwa kusagia wino na kufanyia mazoezi, basi.

Siku moja ya mwaka 1796 mama yake aliingia akitaka aandikiwe orodha ya nguo, kwani dobi alikuwa amesimama anangoja. Karatasi hapakuwa na hata kipande, na wino wa kawaida ulikuwa umekauka. Kijana akaiandika orodha juu ya jiwe kwa wino wake wa nta na sabuni, akiwa na nia ya kuinakili baadaye. Alipotaka kuifuta akapata wazo la kulimwagia jiwe tindikali iliyozimuliwa kwa maji, aone litakuwaje. Tindikali ilikula jiwe kidogo pale pasipokuwa na maandishi, na maandishi yakabaki yameinuka juu kwa unene kama wa kadi. Akayapaka wino, akaweka karatasi, akakandamiza, na orodha ya dobi ikachapika.

Hapo alikuwa na uvumbuzi lakini hakuwa na mtaji. Alisikia kuna mtu anayetafuta wa kushika nafasi yake katika jeshi la mizinga kwa malipo ya gulden mia mbili. Akaenda Ingolstadt ajiuze awe askari, apate fedha za kununulia mtambo. Jeshi likamkataa, kwa kuwa alizaliwa Prague na kwa hivyo alihesabiwa mgeni. Aliyemwokoa ni mwanamuziki wa Munich, Franz Gleissner, aliyehitaji mtu wa kumchapia nyimbo zake kwa gharama nafuu. Mwaka huohuo wa 1796 nyimbo za Gleissner zikachapwa kwa jiwe.

Mpaka hapo jiwe lilikuwa likifanya kazi ya muhuri tu. Jambo kubwa lilimjia mwaka 1798, nalo ndilo mzee wangu alilonieleza kwa kutumia ubao wa chuoni, maana alijua nimesoma huko. Sisi tuliosoma Kurani kwa ubao tunakumbuka kwamba tuliandika kwa wino wa masizi, na tukishahifadhi tuliosha ubao kwa maji, maandishi yakaondoka. Senefelder aligundua kinyume cha hayo. Ukiandika juu ya jiwe kwa wino wenye mafuta, kisha ukalilowesha jiwe kwa maji yenye gundi ya mti na tindikali kidogo, maji hukaa mahali patupu na kuyakimbia maandishi. Ukipitisha sasa wino wa chapa, ambao nao una mafuta, unashika kwenye maandishi tu na kukataa mahali penye maji. Hakuna kilichoinuka wala kilichochimbwa. Jiwe ni bapa kama meza. Mafuta na maji havipatani, na juu ya ugomvi huo kazi nzima imejengwa. Yeye mwenyewe aliiita chapa ya kikemia. Wengine wakaiita litografia, yaani maandishi ya jiwe kwa Kigiriki, na hata leo mpiga chapa wa Mombasa au Nairobi akikwambia kazi yako itakwenda kwa litho, anamtaja mzee huyu bila kujua.

Kwa hivyo, msomaji, ukiingia kiwandani ukaona mtambo una roli za maji na roli za wino zikizunguka pamoja, usishangae maji yana kazi gani mahali pa wino. Ukisikia mafundi wakilalamika kuwa maji yamezidi na maandishi yamefifia, au maji yamepungua na karatasi imechafuka, ujue bado wanasuluhisha ugomvi uleule wa 1798.

Mwaka 1799 alipewa na mtawala wa Bavaria haki ya pekee ya kutumia ufundi wake, na mwaka huohuo akashirikiana na mchapaji wa muziki wa Offenbach aitwaye Johann Anton André. Mwaka 1801 akapata hataza mjini London. Angeweza kutajirika. Lakini alikuwa mtu wa kuvumbua, si wa kuhesabu. Kila alipokaribia faida alivutwa na jaribio jipya. Alitengana na André, akaenda Vienna, akajaribu kuchapa vitambaa vya pamba asipate kitu, na huku nyuma ndugu zake waliobaki Munich wakaitoa siri ya jiwe kwa watu wengine. Aliporudi mwaka 1806 alikuta wanafunzi wa wanafunzi wakiendesha kazi yake. Ahueni ilimjia mwaka 1809 alipofanywa mkaguzi wa litografia katika idara ya serikali iliyochora ramani za mashamba kwa ajili ya kodi, kwa mshahara wa kudumu.

Hapo alifanya jambo linalonifanya nimheshimu kuliko uvumbuzi wenyewe. Siri ilikuwa imekwisha kutawanyika nusunusu, kila mmoja na kipande chake. Mwaka 1818 alitoa kitabu akaeleza yote: jiwe lipi, wino wa namna gani, tindikali kiasi gani, na kila kitu kwa jina lake. Mwaka 1819 kilikuwa kimekwisha tafsiriwa kwa Kiingereza na Kifaransa. Katika kitabu hicho alionyesha pia kuwa jiwe si lazima, kwani bamba la chuma laweza kufanya kazi ileile. Bamba hilo ndilo wapiga chapa wetu wanaloliita pleti, na siku hizi ni la alumini, jembamba la kukunjika.

Alieleza vilevile njia ya kuandika sawasawa, si kinyume, juu ya karatasi iliyopakwa dawa, kisha kuyahamisha maandishi hayo kwenye jiwe. Njia hii ndogo ilitufikia sisi wa mwambao. Herufi za Kiarabu zinashikana, zinapanda na kushuka, na herufi za risasi zilizitesa mno. Msahafu uliochapwa Venice katika miaka ya 1530 kwa herufi za kupangwa ulijaa makosa, hata herufi na herufi zikachanganywa, na nakala moja tu ndiyo inayojulikana kusalia. Jiwe halikuhitaji herufi za kupangwa. Khatati aliandika kwa kalamu yake ya mwanzi kama alivyofunzwa na mwalimu wake, na mkono wake ukatoka mara elfu. Ndiyo maana Uajemi na India ziliipokea litografia kwa mikono miwili, na kiwanda cha Nawal Kishore kilichoanzishwa Lucknow mwaka 1858 kilichapa hata Misahafu, ingawa mwenyewe alikuwa Mhindu wa dini yake. Vitabu vya chapa ya jiwe kutoka Bombay vilifika pwani yetu pamoja na bidhaa nyingine. Pale chuoni kwetu palikuwa na viwili, na mimi mtoto nilidhani vimeandikwa kwa mkono, mpaka nilipoona vyote viwili vina doa moja la wino, mahali pamoja, ubavuni mwa herufi moja. Siku ile nililijua jambo bila kujua jina lake. Hata neno letu chapa lilitujia kutoka Bara Hindi, na yaelekea halikusafiri mbali na vitabu hivyo.

Senefelder alifariki Munich tarehe 26 Februari 1834, akiwa na umri wa miaka 62, na amezikwa huko. Hakuuona mtambo uliozaliwa baadaye na jiwe lake. Mwaka 1904, katika mji wa Nutley, jimbo la New Jersey, Marekani, mpiga chapa Ira Rubel aliona kuwa karatasi moja ikikosa kuingia mtamboni, maandishi hupigwa kwenye mpira uliozunguka silinda, na karatasi ifuatayo hupata maandishi mgongoni yaliyo safi kuliko ya mbele. Akatengeneza mtambo wa kufanya kwa makusudi kilichotokea kwa bahati mbaya. Pleti huupa wino mpira, nao mpira huipa karatasi. Mpira huo mafundi huuita blanketi, na kuhamisha huko ndiko ofseti. Na kwa kuwa maandishi hugeuka mara mbili, pleti ya ofseti husomeka sawasawa. Mateso ya kuandika kinyumenyume yakaisha.

Maneno mengine mzee alinimalizia hivi. Prufu ni karatasi ya majaribio, na ukiitia sahihi kosa linalobaki ni lako. Rejista ni rangi zote kuangukia mahali pake. Ukiona picha ina kivuli cha rangi pembeni, rejista imepotea. Kurasa huhesabiwa kwa kumi na sita kwa sababu karatasi kubwa hubeba nane upande huu na nane upande ule, kisha hukunjwa mara tatu. Blidi ni rangi au picha inayoachwa ipite mstari wa kukatia, kwa kawaida milimita tatu, ili kisu kisiache uzi mweupe. Maandishi nayo hufanyiwa kinyume: huvutwa ndani, mbali na kisu. Ningalijua hilo moja tu, vina vyangu vingalikuwa hai.

Diwani yangu niliichapisha tena baada ya miaka mingi. Safari hii nilimuuliza fundi kila neno, akachoka nami, akacheka, akanijibu. Mke wangu alikihesabu kitabu ukurasa kwa ukurasa kabla sijatia sahihi, kwani vitumbua vilikuwa vyake.