Al-Haj Malik El-Shabazz na Jicho la Serikali

Al-Haj Malik El-Shabazz, ajulikanaye zaidi kwa jina la Malcolm X, alizaliwa mjini Omaha, Marekani, tarehe 19 Mei, 1925. Babake alifariki yeye angali mtoto wa miaka sita. Ujana wake ulipotea katika wizi, na katika mwaka wa 1946 alitiwa gerezani. Humo alijielimisha kwa kusoma, na alipotoka mwaka 1952 akawa mhubiri mashuhuri wa jumuiya ya Nation of Islam. Mwaka 1964 aliachana na jumuiya hiyo, akahiji Makka na kushika njia ya Sunna. Oktoba ya mwaka huo alifika Unguja, Dar es Salaam na Nairobi.

Tangu 1953 wapelelezi wa serikali, FBI, walikuwa wakimfuatilia. Hotuba zake ziliandikwa, safari zake zikafuatwa, na mwaka 1964 simu ya nyumbani kwake ikasikilizwa pasi na hati ya hakimu. Hata miongoni mwa walinzi wake alikuwamo askari wa siri wa polisi wa New York. Na tangu atoke gerezani, hapana mahakama iliyomhukumu kwa kosa la kuipinga dola.

Watetezi wa upelelezi husema kwamba asiye na hatia hana la kuogopa, na kwamba jicho la serikali ni ulinzi. Na tuyatazame yaliyotukia. Tarehe 21 Februari, 1965, aliuawa kwa risasi mkutanoni New York, mkewe na binti zake wakiwapo. Macho yote yale yasimfae kitu. Kisha Waislamu wawili wasio na hatia walifungwa pamoja na muuaji. Novemba 2021 mahakama ilitengua hukumu yao, kwa kuwa FBI na polisi walikuwa wameficha habari za kuwaokoa. Mmoja wao alikwisha kufa tangu 2009.

Mwaka 1967 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kusikiliza simu ya mtu ni sawa na kumpekua, na kwahitaji hati. Sisi tulikatazwa kupelelezana tangu iliposhuka Surat Al-Hujurat, na Surat An-Nur yatuamrisha kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba za watu. Katazo hilo halikumtoa mtawala. Atakaye kuingia katika siri za raia, na alete kwanza ushahidi wake mbele ya hakimu.

Mwenyezi Mungu amrehemu Al-Haj Malik. Amin.