Alfred Butts: Kibarua kiliota nyasi, akaanza kuhesabu herufi

Mpe mtoto wa skuli kete saba za Scrabble, na miongoni mwake iwemo Q bila U, utamwona anakimbilia simu. Siku hizi zipo programu za kutafutia maneno. Unaandika herufi ulizo nazo, na maneno ya Kiingereza yanakumwagikia kama mchele. Mimi ni mpenzi wa mchezo huu kwa miaka mingi, na kila nikiona hivyo humfikiria mtu aliyeubuni, Alfred Mosher Butts. Mchezo wake twaujua, yeye hatumjui. Na maisha yake yana funzo kwa vijana wetu, hasa wenye vyeti mkononi wanaoshinda maskani wakingoja kuitwa kazini.

Butts alizaliwa tarehe 13 Aprili 1899 katika mji wa Poughkeepsie, jimbo la New York, Marekani. Alisomea usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahitimu mwaka 1924 na kupata kazi. Uchumi wa dunia ulipoporomoka, ujenzi ukasimama, na mwaka 1931 kibarua chake kikaota nyasi.

Kazi ilikuwa imekwenda, lakini penseli, rula na akili vilibaki. Butts akaketi kuichunguza michezo ya watu. Akaona kuna ya bahati, kama dadu. Kuna ya akili, kama sataranji. Na kuna ya maneno. Akataka kubuni mmoja utakaochanganya bahati na ujuzi.

Swali likawa: kila herufi iwe na kete ngapi? Alichukua magazeti, likiwemo New York Times, akahesabu herufi moja moja kwa mkono. E ikaonekana kuzizidi zote, akaipa kete 12. A na I zikapata 9 kila moja. Q na Z zikapata moja moja, kwa alama 10, kwa kuwa ni adimu. S yatumika sana, lakini akaiwekea kete 4 tu, maana Kiingereza hufanya wingi kwa kuongeza S, na mchezo ungekuwa rahisi mno. Ukitia na kete 2 tupu, jumla ni 100. Hesabu hiyo ya mtu asiye na ajira ndiyo msingi wa mchezo hadi leo.

Seti za mwanzo alizitengeneza mwenyewe kwao Jackson Heights, New York, akawachezesha marafiki na majirani. Viwanda vya michezo vikamkatalia. La kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa hodari wa tahajia. Mkewe Nina, aliyepata kuwa mwalimu, alikuwa akimshinda.

Mwaka 1948 James Brunot alikubaliana naye autengeneze mchezo na kuuza, Butts alipwe senti chache kwa kila seti. Jina la Scrabble likaja hapo. Mwaka 1949 ziliundwa seti 2,400, na bado wakala hasara ya dola 450. Inasimuliwa kwamba mwaka 1952 mkuu wa duka la Macy's aliukuta mchezo huo akiwa likizoni, akaagiza uletwe dukani kwake. Kuanzia hapo wanunuzi wakafurika. Tangu kupoteza kazi hadi siku hiyo ni zaidi ya miaka 20. Butts hakuwa tajiri mkubwa. Alirudi katika usanifu wake, akaishi kwa utulivu hadi alipofariki tarehe 4 Aprili 1993, akiwa na miaka 93.

Sasa turudi kwa yule mtoto na Q yake. Katika Kiingereza Q hufuatwa na U karibu kila mara, na U ziko 4 tu. Lakini yapo maneno yaliyoingia Kiingereza kutoka Kiarabu, na mchezo unayakubali: qadi, qibla, talaq, waqf, faqir, niqab. Yaangalie vizuri. Ni kadhi, kibla, talaka, wakfu, fakiri na nikabu, maneno tunayoyasikia nyumbani na msikitini tangu utotoni. Mtoto aliyepita chuoni tayari anajua kutofautisha kaf na qaf. Palipo na qaf katika Kiarabu, hapo Kiingereza mara nyingi huandika Q. Ufunguo anao mfukoni, kisha anauliza simu mlango uko wapi!

Sina ugomvi na programu hizo. Kuhakikisha neno baada ya mchezo ni jambo jema. Lakini neno ulilopewa na simu hulisahau kete zikirudi mfukoni, na neno ulilolisaka mwenyewe hukaa. Mwaka 2015 Wellington Jighere wa Nigeria alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Hakuna anayeshika simu katika fainali kama ile.

Kwa hiyo wazazi, nunueni daftari la bei rahisi. Kila ukurasa uwe na herufi yake, na mtoto aandike kila neno geni alilokutana nalo. Na wewe kijana wa maskani, cheti chako kikikosa mwajiri, ujuzi uliomo kichwani haujafutwa kazi. Butts alianza na gazeti na penseli. Haba na haba hujaza kibaba.