NAJASHI: MFALME ALIYEKATAA KUWARUDISHA WAKIMBIZI



Ndugu msomaji, Ramadhan hii ukifika juzuu ya 16 utakutana na Surat Maryam. Usiipite mbio mbio kwa sababu unataka kuwahi kukhitimu. Aya za mwanzo za sura hiyo ziliwahi kusomwa mbele ya mfalme Mkristo, katika kikao cha kuamua kama Waislamu waliokimbia watarudishwa mikononi mwa watesaji wao au la. Mfalme huyo ndiye ninayetaka tumjue leo: Najashi, Allah amrehemu.

Kwanza, Najashi si jina bali ni cheo, kama tunavyosema Sultani. Jina lake hasa ni As-hama bin Abjar. Alitawala Habasha, yaani ufalme wa Aksum, katika sehemu ambazo leo ni Ethiopia na Eritrea. Si mbali nasi, ni majirani zetu wa kaskazini.

Maisha yake yalianza kwa dhulma. Bi Aisha (r.a) amesimulia kwamba baba yake alikuwa mfalme na hakuwa na mtoto mwengine ila yeye. Watu wakamuua baba, wakamtawaza ami yake aliyekuwa na watoto 12. Yatima akalelewa kwa ami, akainukia kuwa na akili nyingi mpaka ami akawa hafanyi jambo bila yeye. Wale wauaji wakaingiwa na hofu: huyu akishika madaraka si atatulipizia kisasi? Wakamshurutisha ami, naye akakubali kwa shingo upande. Kijana akapelekwa sokoni, akauzwa kwa mfanyabiashara kwa dirham 600, akatiwa chomboni.

Lakini mipango ya Allah ni mengine. Jioni ile ile wingu la mvua likatanda, ami akatoka nje, radi ikampiga akafa. Watoto wake wakaonekana hawafai hata mmoja. Basi watu wakakimbia kumtafuta waliyemuuza, wakamrudisha na kumvisha taji. Mfanyabiashara naye akaja kudai pesa zake. Mfalme mpya akahukumu alipwe haki yake, ama sivyo akabidhiwe mtumwa wake, yaani mfalme mwenyewe! Wakamlipa. Hiyo ndiyo hukumu ya mwanzo iliyowaonyesha watu uadilifu wake.

Kwa hivyo, ndugu yangu, mtu huyu alijua maana ya kukabidhiwa kwa wengine bila kuulizwa. Likumbuke hilo tunapoendelea.

Mwaka wa 5 tangu Mtume (s.a.w) kupewa utume, karibu mwaka 615 Miladia, mateso ya Makka yalizidi. Mtume (s.a.w) akawaelekeza masahaba wake Habasha, akiwaambia kwamba huko kuna mfalme ambaye kwake hadhulumiwi mtu. Kundi la kwanza lilikuwa dogo, na ndani yake alikuwamo Sayyidna Uthman (r.a) na mkewe Ruqayya, binti wa Mtume. Baadaye likafuata kundi kubwa, wanaume zaidi ya 80 pamoja na wanawake na watoto. Wengi wao walikuwa vijana kama mimi na wewe.

Makureshi hawakukubali yaishe hivyo. Walimtuma Amr bin Al-As pamoja na Abdullah bin Abi Rabia, wamebeba zawadi za ngozi nzuri za Makka ambazo Wahabeshi walikuwa wakizipenda. Angalia ujanja wao. Hawakuanza kwa mfalme. Walianza kuwagawia zawadi wakuu wa dini na majemadari wake mmoja mmoja, wakawaomba wamshauri mfalme awatoe wale watu kabla hajazungumza nao. Walijua kwamba wakimbizi wakipata nafasi ya kujieleza, kesi itaharibika.

Siku ya kikao, wajumbe wakasema hao ni vijana wajinga waliotoroka dini ya wazee wao, na jamaa zao ndio wanaowajua zaidi. Wakuu wakaitikia kama walivyofundishwa. Najashi akakasirika. Akakataa kuwatoa watu walioingia nchini mwake na kumchagua yeye badala ya wengine, mpaka awaite na kuwasikiliza. Yakiwa kweli yanayosemwa, atawatoa. Yakiwa si kweli, atawalinda muda wote watakaokaa kwake.

Wakaitwa. Ja'far bin Abi Talib (r.a) akasimama kuwasemea. Akaeleza walivyokuwa wakiabudu masanamu na mwenye nguvu akimla mnyonge, mpaka Allah alipowaletea Mtume anayeamrisha ukweli, amana na wema kwa jirani. Akaeleza walivyoteswa kwa sababu hiyo, na kwamba wamekuja wakitaraji kutodhulumiwa. Mfalme akataka kusikia kitu katika aliyokuja nayo Mtume. Ja'far akamsomea mwanzo wa Surat Maryam. Najashi akalia mpaka ndevu zikarowa, na maaskofu wake wakalia pamoja naye. Wajumbe wakaambiwa waende zao, watu hawa hawatolewi.

Amr hakukata tamaa. Kesho yake akarudi na jambo zito zaidi: ati Waislamu wanamtukana Nabii Isa (a.s). Hapo wakimbizi waliogopa kuliko siku ya kwanza. Wangeweza kupindisha maneno ili wapone, lakini waliazimia kusema kweli tu. Ja'far akajibu kwamba Isa ni mja wa Allah na Mtume wake, na Neno lake alilomtia Maryam. Wakuu wakaguna kwa hasira. Najashi akaokota kijiti chini, akaonyesha kwamba tofauti baina ya maneno hayo na anayoyaamini yeye haizidi kijiti kile. Akaamuru zawadi zote zirudishwe. Allah hakumtoza hongo alipomrudishia ufalme wake, basi na yeye hatakula hongo.

Usidhani uamuzi huo ulikuwa rahisi. Watu wake walimtuhumu kuwa ameacha dini yao, wakamwasi. Imepokewa kwamba kabla ya kwenda vitani aliwatayarishia Waislamu majahazi. Akishindwa, wapande waende wanakotaka. Akishinda, wakae. Subhanallah! Mtu kiti chake kinatikisika, na bado anafikiria wageni wake wasije wakaangukia mikononi mwa adui. Wakimbizi nao walimuombea dua. Zubeir bin Al-Awwam, aliyekuwa mdogo wao, alivuka Nile kwa kiriba kilichojazwa upepo ili akaangalie vita, akarudi akipunga nguo yake kwa furaha. Najashi ameshinda. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Ja'far na wenzake walibaki huko mpaka mwaka wa 7 Hijria, wakaondoka kwa hiari yao kwenda Madina na kumkuta Mtume (s.a.w) wakati wa Khaybar. Najashi alisilimu, na alipofariki mwaka wa 9 Hijria, Mtume (s.a.w) aliwatangazia masahaba siku ile ile, akawapanga safu na kumswalia akiwa mbali, kwa takbira nne. Hata Amr bin Al-As, aliyekwenda kuwadai wale watu, naye alikuja kuwa sahaba. Kumbe mwenye kuwinda wakimbizi leo anaweza kuwa ndugu yao kesho.

Sasa, msomaji, kwa nini nakusimulia haya? Kwa sababu alichofanya Najashi leo ni sheria. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 33, unakataza nchi kumrudisha mkimbizi mahali ambapo maisha au uhuru wake utakuwa hatarini kwa sababu ya kabila, dini, utaifa, kundi la kijamii au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Afrika wa 1969 unakataza hata kumfukuza mpakani. Na huo ulitiwa saini Addis Ababa, katika nchi ile ile ya Habasha! Mkataba wa 1951 unamvua ulinzi huo mtu mwenyewe anayeonekana kwa sababu za msingi kuwa hatari kwa usalama wa nchi. Lakini huyo ni yeye mwenyewe kwa kosa lake, si kabila lake zima.

Sisi Waislamu tulipewa somo hili zamani. Surat At-Tawba, aya ya 6, inaamrisha kwamba hata mshirikina akiomba hifadhi wakati wa uadui apewe, asikilizishwe maneno ya Allah, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Zingatia: pa amani, si mahali popote.

Kenya yetu imejiunga na mikataba yote miwili, na sheria zetu za wakimbizi, ya 2006 na ya 2021 iliyochukua nafasi yake, zimeiweka kanuni hiyo. Mwaka 2016 serikali ilipotangaza kuifunga kambi ya Dadaab, kesi ilifika Mahakama Kuu, na Februari 2017 mahakama ikaamua kwamba mpango huo unakiuka Katiba. Moja ya makosa ni lile lile walilolitaka Makureshi: kuwahukumu watu wa kundi moja kwa pamoja bila kuwasikiliza.

Na dunia inazunguka. Katika kijiji cha Negash, Tigray, pana msikiti na kaburi linalonasibishwa na mfalme huyu. Msikiti huo uliharibiwa katika vita vilivyoanza Novemba 2020, na makumi ya maelfu ya watu wa Tigray wakakimbilia Sudan kuomba hifadhi. Watu wa nchi ya Najashi nao wakawa wanabisha hodi kwa wengine.

Basi jioni moja barazani, baada ya tarawehe, utamsikia mtu akisema hawa wakimbizi warudishwe kwao tu, wamezidi. Huenda akawa rafiki yako, huenda akawa mzee unayemheshimu. Mjibu kwa adabu. Muulize, lau Najashi angelisema hivyo, Ja'far angelikuwa wapi? Ruqayya binti wa Mtume angelikuwa wapi? Kisha mwanafunzi mwenzako aliyetoka kambini, anayekaa peke yake darasani, mualike futari nyumbani. Umsikilize habari zake kabla ya kuwasikiliza wanaomsema.

Allah amrehemu Najashi, awape amani waliokimbia makwao, na atukubalie saumu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.