Sayyida Salme: Binti mfalme aliyejianika, akapata jina na kukosa mali

KILA mara msanii wa filamu au muziki anapoonekana utupu katika picha, mabishano yale yale hufufuka: je, picha ile imemjenga au imembomoa? Wapo wanaohesabu umaarufu, na wapo wanaohesabu aibu. Kisiwani Pemba, ambako stara ya mwanamke ni heshima ya ukoo mzima, swali hilo huonekana kama limekwisha kujibiwa kabla ya kuulizwa. Hata hivyo, historia ya Zanzibar inaye mwanamke aliyelikabili kwa namna yake karne moja na nusu iliyopita, naye alikuwa binti wa mtawala ambaye enzi yake ilienea Unguja, Pemba na sehemu kubwa ya mwambao.

Sayyida Salme hakuvua nguo mbele ya kamera. Alifunua uso, na baadaye akaifunua nyumba ya baba yake kwa kalamu. Kwa vipimo vya watu wake, huo ulikuwa utupu tosha.

Alizaliwa Agosti 30, 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini ya mji wa Zanzibar. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, ndiye aliyehamishia makao yake kutoka Muscat hadi Unguja, na ni katika enzi yake Pemba ilitolewa mikononi mwa Mazrui wa Mombasa. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi. Binti huyo alikua miongoni mwa ndugu wengi, akajifunza kupanda farasi, na akajifundisha kuandika kwa siri, jambo ambalo wasichana wa daraja lake hawakufundishwa. Ujuzi huo ndio uliomponza kwanza. Mwaka 1859, akiwa na umri wa miaka 15, aliwaandikia barua wale waliokula njama ya kumpindua kaka yake, Sultan Majid, ili Barghash atawale. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki na ndugu wasiomwamini wa upande mmoja wala wa mwingine.

Yaliyofuata yamesimuliwa mno, nayo yatoshe kwa maneno machache. Alipendana na jirani yake, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, akashika mimba. Agosti 1866, usiku wa sherehe za Siku ya Mwaka, wanawake walipokuwa wakienda kuoga baharini, naye alikwenda pwani pamoja nao. Hakurudi. Mashua ya manowari ya Kiingereza, Highflyer, ilimchukua hadi melini, na meli ikampeleka Aden. Huko alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyo hiyo, Mei 30, 1867, kisha mume na mke wakaelekea Ulaya. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa Aden, alifariki akiwa bado mchanga.

Hamburg ilimpokea kwa macho. Watu walitaka kumwona binti wa sultani, na ushuhuda mkubwa wa hamu hiyo ni picha iliyopigwa studio katika miaka yake ya mwanzo mjini humo. Amevaa mavazi ya kike ya Zanzibar ya enzi hizo, kanzu juu ya suruali, pamoja na vito vyake. Kitu kimoja tu hakipo mahali pake: barakoa iliyopasa kumfunika uso mbele ya mwanamume asiye maharimu. Mjerumani aliyeitazama aliona pambo kutoka Mashariki. Mzanzibari angeona mwana wa Sayyid Said akitazamwa na yeyote.

Ni kichekesho kichungu kwamba mwanamke huyo huyo alizishangaa dhifa za Ulaya, ambako mabibi waungwana waliacha mabega na vifua wazi mbele ya wanaume wa watu. Alikuwa kati ya stara mbili zisizokubaliana, na kila upande ulimwona yeye ndiye wa ajabu.

Agosti 1870, Ruete alianguka kutoka kwenye tramu ya farasi akafariki. Salme alibaki na watoto watatu, Antonie, Said na Rosalie, katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado akijifunza. Fedha zilipungua upesi. Alihama mji hadi mji, Dresden, Rudolstadt, Berlin, akitafuta maisha ya gharama nafuu, na akafundisha lugha ili kupata riziki. Zanzibar nako Majid alifariki mwaka huo huo, na kiti kikashikwa na Barghash, yule yule ambaye dada yake alimtumikia kwa kalamu. Hakumsamehe. Mwaka 1875 Barghash alipozuru London, Salme alikwenda huko kwa matumaini ya kuonana naye. Maofisa wa Uingereza, waliokuwa wakimhitaji Sultan, walimtuliza kwa ahadi ya kuwasaidia watoto wake iwapo hangemkaribia kaka yake. Hakumkaribia, na msaada haukuja.

Hapo ndipo ilipoanza safari ya kitabu. Alianza kukiandika akihofia kufa mapema, ili wanawe wajue walikotoka. Lakini mwaka 1886 kilitolewa hadharani mjini Berlin, kikiwa kumbukumbu za binti mfalme wa Kiarabu, na mwaka 1888 kikatoka kwa Kiingereza. Ndani yake wageni waliingia mahali ambapo hata wanaume wa Zanzibar hawakukanyaga: vyumba vya masuria, ugomvi wa ndugu, vyakula, mavazi, uzazi, maziko. Alilitetea kaumu lake dhidi ya dharau za Wazungu, ingawa pia aliutetea utumwa kwa hoja ambazo leo haziwezi kukubalika. Mwandishi dhaifu angewauzia wasomaji ndoto ya wanawake wavivu waliolala juu ya mito, ambayo ndiyo waliyoitaka. Yeye aliwapa watu wenye majina na tabia.

Je, kujianika huko kulimsaidia? Kwa jina, bila shaka. Kwa mali, hesabu ni nyingine kabisa, nayo inapita Pemba.

Alichodai kwa miaka mingi ni fungu lake la mirathi kutoka kwa ndugu waliokufa tangu alipoondoka. Mali hiyo ilikuwa na sura ya karafuu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa hicho ndicho kilichobeba zao lililoilisha Zanzibar. Agosti 1885 Salme alirejea na watoto wake kwa meli ya Wajerumani, Adler, huku manowari za Bismarck zikiwa zimetia nanga mbele ya kasri. Watu wa mji walimfuata barabarani kwa salamu na udadisi. Barghash alifunga mlango. Kwa sheria ya Kiislamu, aliyetoka katika dini hana fungu kwa jamaa zake Waislamu, na hoja hiyo ilimtosha Sultan. Haikuwa picha wala uso wazi uliomnyima urithi, bali ubatizo wa Aden, ingawa watu wengi waliyachanganya mambo hayo mawili kuwa aibu moja.

Wakati huo huo Berlin ilikuwa ikimtumia. Binti wa sultani mwenye uraia wa Kijerumani, tena mwenye mtoto wa kiume, alikuwa karata nzuri ya kumtisha Barghash, aliyekuwa akipinga Wajerumani kujitwalia ardhi ya bara. Barghash alipolegea, karata ikarudishwa mfukoni. Salme alirudi tena mwaka 1888, baada ya kifo cha Barghash, akaondoka mikono mitupu. Mkataba wa mwaka 1890 uliziweka Unguja na Pemba chini ya himaya ya Uingereza, na dai lake likakosa mtu wa kulisemea. Yeye alikuwa amekwisha kuhamia Mashariki ya Kati, ambako aliishi Beirut hadi mwaka 1914.

Ulimwengu wa leo una mfano unaofahamika zaidi. Mwaka 1949 Marilyn Monroe, akiwa bado hajulikani na akihitaji fedha, alipiga picha za utupu za kalenda kwa dola 50. Habari zilipofichuka mwaka 1952, alikiri bila kujificha, na umma ukamhurumia. Mwaka uliofuata Hugh Hefner alinunua haki ya kutumia picha mojawapo kwa dola 500, akaanzishia jarida la Playboy, na akatajirika. Mwenye mwili ule hakupata kitu kutokana na jarida hilo. Jina lilikua kwake, faida ikakua kwingine. Baina yake na Salme kuna bahari na desturi, lakini mgawanyo wa mapato unafanana sana.

Tofauti moja inampendelea Mzanzibari. Salme alibaki na kalamu. Barua ndefu alizoandika kuhusu maisha yake Ujerumani, zilizojaa baridi, upweke na macho ya watu, zilikaa bila kuchapishwa maisha yake yote, na zilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1993. Humo hakuna pambo lolote la Mashariki, wala hakuwa akimfurahisha mtu.

Karibu na mwisho wa maisha yake alipewa pensheni ndogo kutoka Zanzibar. Alifariki mjini Jena Februari 29, 1924, akiwa na miaka 79. Katika vitu alivyoacha kulikuwa na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, nao ulizikwa pamoja naye katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg. Ile picha ya studio haikuzikwa. Imewekwa katika makumbusho mjini Zanzibar na juu ya majalada ya vitabu, uso ukiwa wazi, na wageni wanaoshuka bandarini hununua nakala za kumbukumbu zake kabla ya kupanda boti za kwenda Pemba kuona mikarafuu.