Bouguer: Mwanahisabati aliyechora njia ya kuifukuza meli

MELI inapokimbia baharini, anayeifukuza aelekee wapi: pale ilipo sasa, au pale itakapokuwa baadaye? Swali hilo, ambalo leo huamua iwapo kombora litaipata manowari, lilifanyiwa hesabu mwaka 1732 na Mfaransa Pierre Bouguer.

Bouguer alizaliwa Februari 16, 1698, Le Croisic, mji wa pwani ya Bretagne. Baba yake alikuwa mwalimu wa elimu ya bahari. Alipofariki mwaka 1714, kijana huyo wa miaka 16 alirithi kazi hiyo. Mwaka 1727 alinyakua tuzo ya Chuo cha Sayansi cha Paris kwa andiko lake kuhusu milingoti ya meli, akimshinda Leonhard Euler, aliyekuja kuwa gwiji wa hisabati.

Katika kazi yake ya mwaka 1732, Bouguer alionyesha kwamba chombo kinachoelekeza omo yake kwenye windo muda wote hakiendi moja kwa moja. Hupita njia iliyopinda, na mwishowe hujikuta nyuma ya windo. Vyombo hivyo vikiwa na mwendo sawa, mfukuzaji hafiki kamwe.

Tuseme meli inapita mbele ya mfukuzaji, kilometa tatu kutoka alipo, naye ana mwendo maradufu. Akiifuata hivyo, ataikamata ikiwa imekwenda kilometa mbili. Akilenga mbele na kuikatia njia, ataipata baada ya kilometa 1.7 tu.

Mwaka 1735 Bouguer alisafiri hadi Peru ya wakati huo kupima umbo la dunia, akarejea Ufaransa mwaka 1744. Huko milimani aliandika sehemu kubwa ya kitabu chake cha ujenzi wa meli kilichotoka mwaka 1746. Humo alieleza namna ya kutambua iwapo meli iliyoinama itasimama tena au itapinduka.

Alifariki Paris, Agosti 15, 1758. Mwaka 1943, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Ujerumani ilianza kutumia topido zilizofuata sauti ya pangaboi. Meli za mataifa washirika zilijihami kwa kukokota vifaa vya kupiga kelele, ili topido ifukuze sauti na kuiacha meli. Mabaharia waliokuwa ndani walinusurika kwa sababu silaha ile, kama mfukuzaji wa Bouguer, ilijua kufuata tu.