Bwana Jackson, kutoka Lamu hadi Nairobi

Msomaji, ukipita Majengo ya Pumwani au Kaloleni mwishoni mwa mwaka, vuli ikisha kunyesha, tazama juu. Mbayuwayu waliotoka Ulaya wamejipanga kwenye nyaya za stima, mwewe wananyaka kumbikumbi angani, na magharibi ikiingia nondo huzizunguka taa za barabarani. Mmoja wa watu walioandika kwa urefu habari za ndege wa nchi hii alianzia safari yake kwetu pwani.

Frederick John Jackson alizaliwa Yorkshire, Uingereza, mwaka 1860. Alishuka Lamu mwaka 1884, si mtumishi wa serikali wala padri, bali kijana mpenda kuwinda. Mapenzi ya ndege yakamshika asiachwe nayo tena. Mwaka 1889 aliongoza msafara wa Kampuni ya Waingereza kutoka pwani kuelekea Uganda, na njiani alikusanya ndege. Kazi hiyo haikuwa mchezo: ndege akishapigwa huchunwa upesi kabla hajaoza, ngozi ikatiwa pamba, ikakaushwa, ikaandikiwa mahali na tarehe. Mizigo ya misafara kama hiyo ilikwenda vichwani mwa wapagazi, wengi wao watu wa pwani na Unguja. Lakini ndege walipewa jina la Jackson, si la mpagazi! Jina lake analo yule ndege mweusi wa mkia mrefu anayerukaruka majanini nyanda za juu, na hata kinyonga wa pembe tatu anayeonekana katika bustani za Nairobi, aliyeitwa hivyo mwaka 1896.

Oktoba 1897, askari wa Kisudani walipoiasi serikali, alijeruhiwa vibaya kwa risasi huko Lubwa, Busoga. Akapona, akarudia kazi na ndege wake.

Mwaka 1909 yeye na wenzake waliunda Chama cha Elimu ya Viumbe mjini Nairobi, naye akawa rais wake wa kwanza. Mwaka uliofuata chama kilifungua jumba dogo la makumbusho pale iliposimama Nyayo House. Ndiyo asili ya Makumbusho ya Taifa. Tangu 1911 alikuwa Gavana wa Uganda, lakini ni wangapi leo wanaomkumbuka kwa ugavana?

Alifariki Ufaransa Februari 1929, kitabu chake kikubwa hakijakwisha. Bwana W. L. Sclater alikikamilisha, kikatoka mwaka 1938 katika majuzuu 3, miaka tisa baada ya mwenyewe kuzikwa.